Chama cha wachoraji manga wa Japani: kinachoweza na kisichoweza

Tarehe 31 Oktoba 2025 chama cha wachoraji katuni wa Japani kilitoa tamko la pamoja kuhusu akili mnemba, kikiwa bega kwa bega na wachapishaji 17 na chama cha watengenezaji wa anime. Mwezi mmoja kabla ya hapo kampuni ya Marekani ya OpenAI ilikuwa imetoa Sora 2, programu inayotengeneza video kutokana na maelezo ya maandishi, na mitandao ikajaa vipande vyenye sura ambazo mpenzi yeyote wa anime anazitambua kwa mtupo mmoja wa jicho. Tamko hilo likazungumzwa kila mahali, na likazungumzwa vibaya. Ukisikiliza watu utasikia kwamba Japani imepiga marufuku akili mnemba, au kwamba "kampuni ya manga" imewashtaki Wamarekani, au kwamba chama hicho ndicho mmiliki wa manga zote na kikikataa basi biashara imekwisha.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli. Ila sishangai watu kuchanganyikiwa, kwa kuwa sisi wasomaji huku tunawajua wahusika wa manga vizuri kuliko tunavyowajua waliowachora, na hatujui kabisa ni nani huwasemea wachoraji hao wakipata shida. Tuanze na maneno yenyewe.

Manga ni vibonzo vya Kijapani, hadithi inayosimuliwa kwa fremu za picha zenye mazungumzo. Anime ni filamu ya katuni, na mara nyingi hutokana na manga iliyokwisha kupendwa. Mtu anayechora manga huitwa mangaka. Hawa watu wa manga na wale wa anime wana vyama tofauti, ajira tofauti na shida tofauti, na ukiwachanganya hutaelewa lolote litakalofuata. Chama tunachokizungumzia kinaitwa Nihon Mangaka Kyokai, yaani chama cha wachoraji katuni cha Japani. Wanachama wake ni wachoraji wenyewe, mmoja mmoja, wala hawaingii kwa mwavuli wa kampuni. Kilianzishwa mwaka 1964, kikasajiliwa rasmi kama taasisi mwaka 1985, na leo kimo katika kundi la taasisi ambazo serikali ya Japani inazitambua kuwa zinatumikia manufaa ya umma.

Ili uelewe kwa nini watu hawa walihitaji chama, lazima kwanza uone kazi yao ilivyo. Mchoraji wa gazeti la manga la kila wiki hutoa kurasa kama 18 hadi 20 kila wiki. Kwanza anachora rasimu, fremu zimepangwa na mazungumzo yameandikwa, watu bado ni vijiti tu. Rasimu hiyo humwendea mhariri, naye huirudisha na masahihisho, pengine mara tatu. Ikikubaliwa ndipo kazi ya wino inaanza. Kwa wanaofanya kazi kwa mkono, karatasi ni ya ukubwa wa B4, imechapwa mistari ya samawati iliyofifia ambayo haionekani gazeti likitoka. Sura na mikono huchorwa na mchoraji mwenyewe. Majengo, miti, umati wa watu na vivuli mara nyingi huachiwa wasaidizi. Kosa hufutwa kwa rangi nyeupe, na kivuli cha nukunuku hukatwa kwa wembe kutoka kwenye karatasi ya gundi na kubandikwa pale kinapotakiwa. Leo wengi wanafanya haya yote kwenye kompyuta, lakini hatua hazijabadilika, na saa za kazi hazijapungua.

Sasa njoo kwenye pesa. Mchoraji hulipwa na mchapishaji kwa kila ukurasa uliotoka gazetini. Hadithi ikishakusanywa kuwa kitabu, hupata mrabaha, kwa kawaida takriban asilimia 10 ya bei ya kitabu. Mshahara hana. Na wale wasaidizi hulipwa na yeye mwenyewe, pamoja na pango la chumba cha kazi na vifaa. Kwa hiyo kuna wachoraji ambao malipo ya kurasa huishia yote kwa wasaidizi, na wao wanaishi kwa kusubiri kitabu kitoke na kiuzwe. Hadithi ikikatishwa kabla ya kufika huko, kilichobaki ni deni.

Hapa ndipo upotofu wa kwanza unapozaliwa. Watu wengi hudhani chama hiki ni chama cha wafanyakazi, kwamba kikiamua kinaweza kuitisha mgomo na kuwabana wachapishaji waongeze malipo. Hakiwezi. Mbele ya sheria mangaka ni mtu aliyejiajiri, mfanyabiashara mdogo anayeuza kazi yake. Na wafanyabiashara waliojiajiri wakikaa pamoja na kukubaliana bei moja ya ukurasa, sheria ya ushindani ya Japani inaweza kuwahesabu kuwa wanapanga bei kinyume cha sheria. Kwa hiyo jambo ambalo mtu angetarajia chama kilifanye kwanza kabisa, kudai kiwango cha chini cha malipo kwa wote, ndilo jambo ambalo kisheria ni gumu kuliko yote.

Na kwa kweli waanzilishi wake hawakuwa na sura ya watu wa migomo. Mwenyekiti wa kwanza, Kondo Hidezo (Wajapani hutanguliza jina la ukoo, nami nitafuata hivyo), alikuwa mchoraji wa katuni za siasa za magazetini, zile za fremu moja zinazochapwa pembeni ya habari. Watu wa hadithi ndefu, ambao ndio tunaowafikiria leo tukisikia neno manga, walikuja kuwa wengi baadaye. Alama ya historia hiyo bado ipo: tuzo ya chama, iliyoanza mwaka 1972, mpaka leo ina kitengo cha katuni za fremu moja na kitengo cha hadithi za vibonzo.

Kuanzia mwaka 2000 hadi 2012 chama kiliongozwa na Yanase Takashi, aliyembuni Anpanman, yule shujaa wa watoto mwenye kichwa cha mkate. Maisha ya Yanase yanaeleza mengi kuhusu kazi hii. Kitabu chake cha kwanza cha Anpanman kilitoka mwaka 1973, yeye akiwa na miaka 54. Kilipoingia televisheni mwaka 1988 alikuwa na miaka 69. Uongozi wa chama aliupokea akiwa na miaka 81. Mtu wa aina hiyo hahitaji kuelezwa maana ya miongo ya kupata riziki kwa kubahatisha. Alimpisha Chiba Tetsuya, mchoraji wa hadithi mashuhuri ya bondia, na mwaka 2018 nafasi ikaenda kwa Satonaka Machiko, mwanamke aliyeanza kuchapishwa mwaka 1964, mwaka uleule chama kilipozaliwa, akiwa bado msichana wa sekondari mwenye miaka 16.

Basi kama hakipangi malipo, kinafanya nini? Jibu ninalolipenda zaidi halina mvuto wowote wa magazetini: bima ya afya.

Mjapani aliyejiajiri huingia kwenye bima ya afya inayosimamiwa na serikali za mitaa, na mchango wake hukadiriwa kwa kipato cha mwaka uliopita. Kwa mtu mwenye duka utaratibu huo unavumilika. Kwa mchoraji ni mtego. Mwaka huu kitabu kinauzwa sana. Mwaka unaofuata hadithi imekwisha, hana kazi mpya, na bili ya bima inakuja ikiwa imepigwa kwa hesabu ya mwaka wa neema. Kuna mfuko wa bima wa watu wa fasihi na sanaa, ulioanzishwa mwaka 1953, ambao mchango wake ni kiwango kilekile kwa kila mtu bila kujali amepata kiasi gani. Lakini huwezi kwenda dirishani ukajiandikisha peke yako. Sharti uwe mwanachama wa mojawapo ya vyama vya sanaa vilivyounganishwa na mfuko huo, na chama cha wachoraji ni kimojawapo. Ukimsikia mchoraji kijana anasema amejiunga na chama "kwa ajili ya bima", usimdharau. Mtu asiye na mwajiri hana wa kumsaidia akivunjika mkono, na mkono ndio kazi yake yote.

Tuje kwenye hakimiliki, ambayo ndiyo nguzo ya mambo yote, na ambayo bila hiyo tamko la 2025 halieleweki.

Wengi wanaamini manga ni mali ya kampuni iliyoichapisha. Imani hiyo imetokana na vibonzo vya mashujaa vya Marekani, ambako kwa miongo mingi kampuni ndiyo iliyommiliki mhusika, na mchoraji alikuwa mtu wa kupita tu. Japani utaratibu uliozoeleka ni tofauti: hakimiliki hubaki kwa mchoraji. Ichukulie hivi. Mchoraji ndiye mwenye nyumba. Mchapishaji ni mpangaji aliyekodi chumba cha kuchapa vitabu, na siku hizi pia chumba cha matoleo ya kidijitali. Anayetaka kutengeneza anime, filamu au vinyago lazima akodi chumba chake, na mara nyingi mpangaji wa kwanza, yaani mchapishaji, ndiye anayegeuka dalali wa kumtafutia mwenye nyumba wapangaji wengine. Mpangaji halipi kodi kisha akajiona ana ruhusa ya kubomoa ukuta. Sheria ya Japani inampa mwandishi haki ya kazi yake kutobadilishwa bila ridhaa yake, na haki hiyo haiuziki, hata akiuza vingine vyote.

Kwenye karatasi mambo yamenyooka. Kwenye maisha, huyu mwenye nyumba ni mtu mmoja aliyechoka, ana kurasa za kumaliza kabla ya Alhamisi, na mbele yake wamekaa watu wa kampuni kubwa na mkataba ambao hajawahi kupata nafasi ya kuusoma wote. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Japani nzima ilihuzunika kwa kifo cha mchoraji mwanamke ambaye manga yake ilikuwa imegeuzwa tamthilia ya televisheni, na ambaye alikuwa ameeleza hadharani jinsi alivyohangaika ili hadithi yake isibadilishwe mno, hata akalazimika kuandika mwenyewe miswada ya vipindi viwili vya mwisho. Kituo cha televisheni na mchapishaji walikuja kutoa ripoti zao baadaye mwaka huo. Chama chenyewe kilitoa ujumbe mfupi: mchoraji mwenye tatizo la mkataba aje tuzungumze. Kuna waliosema ujumbe huo ni mdogo mno ukilinganisha na msiba. Mimi naona ulikuwa mahali pake, kwa sababu balaa nyingi za aina hiyo huanzia kwenye kifungu kimoja cha mkataba ambacho mtu alitia saini bila kuwa na wa kumuuliza.

Sasa utaona kwa nini tamko la akili mnemba lilihitaji saini za pande mbili. Wachapishaji 17 ni wapangaji. Peke yao wanaweza kujibiwa: kazi hizi si zenu. Ilibidi wenye nyumba nao wasimame. Na walichosema, ukiondoa makelele, ni hoja nyepesi kuielewa. Kampuni ya akili mnemba isichukue kazi ya mtu kwanza halafu ikamwambia mwenyewe ajaze fomu ya kukataa. Iombe ruhusa kabla. Iseme wazi imetumia kazi zipi kuifundisha mashine.

Kuna kikwazo cha kisheria ambacho wengi hawakijui. Sheria ya hakimiliki ya Japani ilirekebishwa mwaka 2018, na kuanzia Januari 2019 ina kifungu, namba 30-4, kinachoruhusu kazi za watu zitumike kwa uchambuzi wa data bila ruhusa, mradi lengo si kuifurahia kazi yenyewe na mradi mwenye kazi haumizwi isivyo haki. Kwa kifungu hicho wapo wanaosema Japani ni uwanja huru wa kufundishia mashine. Wachoraji wanajibu kwamba mashine inapotema mhusika wao akiwa na nywele zake, mavazi yake na tabasamu lake, hapo hatuzungumzii tena uchambuzi wa data. Tamko halikuwa sheria wala kesi, na halikupiga marufuku chochote. Lilikuwa ni msimamo, uliotolewa na watu ambao mahakama yoyote italazimika kuwasikiliza kama wenye mali.

Jambo jingine linalochanganya watu ni tovuti za wizi. Dhana iliyozagaa ni kwamba chama ndicho polisi wa manga, ndicho kinachofunga tovuti na kuwakamata watu. Mfano unaojulikana zaidi ni Mangamura, tovuti iliyoanza mwaka 2016 na kufungwa Aprili 2018, iliyokuwa ikionyesha maelfu ya manga bure huku ikivuna pesa za matangazo. Mwendeshaji wake alikimbilia nje, akazuiliwa Ufilipino mwaka 2019, akarudishwa Japani, na mwaka 2021 mahakama ya Fukuoka ikamhukumu miaka mitatu jela. Mwaka 2024 mahakama ya Tokyo ikaamuru azilipe kampuni za Kadokawa, Shueisha na Shogakukan fidia ya takriban yeni bilioni 1.7. Polisi walikamata, waendesha mashtaka walishtaki, wachapishaji walidai fidia. Chama, Februari 2018, kilifanya kile kinachoweza: kiliwaeleza wasomaji hadharani kwamba wanaovuna kwenye tovuti hizo hawakushiriki hata chembe katika taabu ya kuitengeneza kazi, na kwamba hali ikiendelea hivyo wachoraji watakosa nguvu ya kuendelea.

Lakini kisa ninachotaka kila msomaji wa manga akijue ni kile kilichofuata.

Serikali ya Japani ilitaka kuwasaidia wachoraji. Mapema mwaka 2019 idara ya utamaduni ilikuja na pendekezo kwamba kupakua kazi yoyote iliyowekwa mtandaoni kinyume cha sheria, mtu akiwa anajua hivyo, kuwe kosa. Kwa muziki na video jambo hilo lilikuwa tayari limekatazwa tangu 2010. Sasa lipanuliwe liguse manga, vitabu, picha, maandishi, kila kitu, hata kupiga picha ya skrini ya simu ambayo pembeni mwake kuna kijipicha cha katuni kilichowekwa bila ruhusa. Ungetarajia wachoraji washangilie. Ndio walioibiwa, na sheria inatungwa kwa jina lao.

Chama kilipinga. Mwishoni mwa Februari 2019 kilitoa tamko kwamba hakikutaka ulinzi wa namna hiyo. Sababu zake zilitoka kwenye meza ya kazi. Mchoraji hujifunza kwa kukusanya picha: magari ya zamani, mikunjo ya kimono, jinsi maji yanavyoruka. Mtafiti huhifadhi vipande. Msomaji kijana huweka kwenye simu fremu moja aliyoipenda. Na wengi wa wachoraji wakubwa walianza kwa kuchora hadithi za mashabiki zinazotumia wahusika wa wengine, wakiziuza kwenye masoko kama Comiket, ambalo limekuwepo tangu 1975. Mtu anayepakua hadithi ya shabiki kwenye mtandao angekuwa mhalifu? Sheria ya kumnasa mwizi mmoja ingewatisha watu wote wanaoipenda kazi hiyo, na miongoni mwa waliotishwa wangekuwepo wachoraji wa kesho.

Sauti hiyo ilikuwa na uzito ambao mwanaharakati mwingine yeyote asingekuwa nao. Satonaka na Akamatsu Ken, mchoraji aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa chama, walikwenda kuzungumza na wanasiasa ana kwa ana. Katikati ya Machi 2019 serikali iliuweka muswada kando. Ulirudi mwaka 2020 ukiwa umechongwa upya: kupakua sehemu ndogo tu ya kazi kuliachwa nje, hadithi za mashabiki ziliachwa nje, na adhabu ya jela isiyozidi miaka miwili au faini isiyozidi yeni milioni 2 ikabaki kwa wale wanaopakua kwa kurudia-rudia kazi ambazo mwenyewe anaziuza. Hiyo ndiyo sheria inayotumika tangu Januari 2021. Wale walioibiwa ndio waliomwambia mtunga sheria apunguze mkono, na wakaeleza apunguze wapi. Sijui mifano mingi ya chama cha kitaaluma kufanya hivyo popote, na ndiyo sababu nakiheshimu hiki.

Tabia hiyo ya kupima maneno ya sheria ilikuwepo kabla. Mwaka 2010, jiji la Tokyo lilipotaka kupanua masharti ya kuuza vibonzo kwa watoto kwa kutumia lugha ambayo wengi waliiona haina mipaka, Chiba, Satonaka na wachoraji wenzao walijitokeza hadharani kuupinga muswada. Ulikataliwa mwezi Juni, kisha toleo lililorekebishwa likapita Desemba mwaka huohuo. Hawakushinda vyote.

Akamatsu alikwenda mbali zaidi. Julai 2022 aligombea baraza la juu la bunge kwa tiketi ya chama tawala na kupata kura 528,053, nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote wa chama hicho kwenye orodha ya kitaifa. Kutoka hapo wengine wakahitimisha kwamba chama cha wachoraji ni tawi la chama cha siasa. Si hivyo. Chama kimejaa watu wenye siasa zinazogongana, na urithi wa wale wachora katuni za magazetini, ambao kazi yao ilikuwa kuwachora watawala wakiwa na mapua marefu, haujafutika.

Na mara baada ya hapo chama kilijikuta kikiilalamikia serikali hiyohiyo kwa jambo la kodi. Tangu Oktoba 2023 Japani ina utaratibu mpya wa ankara za kodi ya mauzo. Zamani mtu mwenye mauzo ya chini ya yeni milioni 10 kwa mwaka alisamehewa kodi hiyo. Bado anaruhusiwa kusamehewa, lakini asipojisajili, mteja wake hawezi kudai punguzo la kodi kamili, kwa hiyo mteja anamshinikiza ajisajili. Kwa wasaidizi na wachoraji wadogo hilo lilikuwa pigo la mfukoni. Kwa wachoraji wengi kulikuwa na pigo la pili: namba ya usajili ukiitafuta kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi inakuletea jina halisi. Wapo mangaka waliochora miaka ishirini kwa jina la kalamu bila jirani kujua wanafanya kazi gani, wengine wanawake wanaochora hadithi za wanaume, wengine watu waliowahi kutishwa na wasomaji. Siri hiyo ni kinga ya maisha yao, na ofisi ya kodi haikuwa imeifikiria.

Sheria nyingine, iliyoanza Novemba 2024, inawapa waliojiajiri nafuu kidogo: anayekuagiza kazi lazima akuandikie masharti yake, na kampuni inayokuagiza ikulipe ndani ya siku 60 tangu ipokee kazi. Inagusa pande zote mbili, maana mchoraji anayemwagiza msaidizi aliyejiajiri naye analazimika kuandika masharti. Kwa fani ambayo kwa muda mrefu iliendeshwa kwa simu na maneno ya mdomo kati ya mhariri na mchoraji, haya ni mageuzi makubwa.

Wasomaji wa Tanzania na Kenya huuliza kama chama hiki ni kama Cosota, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au kama mashirika yanayowakusanyia wanamuziki wa Kenya mirabaha. Hapana. Mrabaha wa kila kitabu unatoka kwa mchapishaji kwenda moja kwa moja kwa mchoraji kwa mujibu wa mkataba wao, na chama hakipiti katikati kukusanya. Ukitaka kuchapa manga kwa Kiswahili, mlango wa kubisha ni wa mchapishaji, ambaye naye atamuuliza mchoraji.

Huulizwa pia kama hakimiliki ya Mjapani inafika huku. Inafika. Japani iliingia kwenye Mkataba wa Berne mwaka 1899, Kenya mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, na nchi zilizomo zinalindiana kazi za waandishi wao kana kwamba ni za wenyeji. Kurasa zilizochanganuliwa na kutafsiriwa na mashabiki, zile zinazosomwa kwenye simu usiku kucha, hazina ruhusa ya mwenyewe hata kama aliyezitafsiri hakutoza senti. Njia halali ipo. Tangu Januari 2019 Shueisha ina programu ya Manga Plus inayofunguka katika nchi zetu, ambapo sura za mwanzo na za karibuni za hadithi nyingi husomwa bure siku ileile zinapotoka Japani. Si kwa Kiswahili, na si kila hadithi imo. Lakini soko lote la manga Japani, lililopita yeni bilioni 700 mwaka 2024, zaidi ya asilimia 70 ya fedha zake sasa zinatoka kwenye matoleo ya kidijitali, na kila sura inayofunguliwa huko inahesabiwa kwa jina la aliyeichora.